Uchambuzi wa kisa: Mchepuo wa Uhifadhi wa Udongo ulivyobadilishwa jina, na wanafunzi waliobaki katikati

Kisa hiki ni cha chuo kikuu kimoja mkoani Dodoma. Jina la chuo, la idara na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa katibu wa kamati iliyoshughulikia suala lenyewe, kwa hiyo ninayoyaandika niliyaona. Majina rasmi ya michepuo yapo kwa Kiingereza kwenye vyeti. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Mbele utaona kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kilichotutoa kwenye mkwamo.

Usuli

Shahada yetu ni ya sayansi ya mazingira, miaka mitatu, kredi 360 kama inavyotakiwa kwa shahada ya kwanza nchini. Kredi moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Ndani ya shahada hiyo mwanafunzi huchagua mchepuo wenye kredi 120, yaani kozi 12 za kredi 10 kila moja. Jina la mchepuo huandikwa kwenye cheti, mstari wa pili chini ya jina la shahada.

Mchepuo tunaouzungumzia uliitwa Uhifadhi wa Udongo na Maji. Kwa Dodoma jina hilo halikuhitaji maelezo. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe mara nyingi hushuka kwa kishindo juu ya udongo uliokaa mtupu miezi saba. Anayejua Kondoa anayajua makorongo yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeharibika zaidi ili majani yarudi. Walimu walioanzisha mchepuo wetu walitokana na kazi ya namna hiyo. Wanafunzi walifundishwa kupima mteremko kwa fremu ya A (kifaa chenye umbo la herufi A), kuchimba makinga maji, kutofautisha udongo kwa kuufinyanga kiganjani.

Miaka ikapita, mtaala ukasogea. Mwalimu mmoja alistaafu, kozi yake ikapewa mwingine aliyesomea picha za satelaiti. Picha za satelaiti za Landsat, zilizokuwa zikinunuliwa kwa bei kubwa, zilifunguliwa kwa watu wote bure mwaka 2008, na QGIS, programu ya kutengenezea ramani, haina malipo, hivyo hata maabara ya kompyuta kumi na mbili ikatosha kufundishia. Kisha Serikali ikahamia Dodoma kwa dhati kuanzia 2016, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyosimamia ardhi ya mji, ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Ardhi ikawa ndiyo habari ya mji: viwanja, mipaka, vijiji vinavyomezwa na mji, mashamba ya zabibu yanayopakana na michoro ya makazi. Wanafunzi walitaka kusoma hayo, na walimu wakawafundisha. Kila badiliko lilipita idarani kama dogo, na hakuna aliyeuliza kama jina bado linalingana na yaliyomo.

Lilivyoanza

Mhitimu mmoja alikuja ofisini kwangu siku ya Jumatatu, ameshika bahasha ya plastiki. Alinisalimu, akakaa, akatoa cheti na kukiweka mezani kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

"Mwalimu, naomba uniambie hapa nimesoma nini."

Alikuwa ametoka kwenye usaili wa nafasi ya mipango ya matumizi ya ardhi katika halmashauri moja. Alikuwa ameshashiriki kuandaa mipango ya vijiji viwili akiwa mafunzoni, anajua kuketi na kamati ya kijiji na kuchora ramani inayoeleweka kwenye mkutano mkuu. Mjumbe mmoja wa jopo alisoma cheti akamwambia yeye ni mtu wa udongo, aende kilimo. Alipojaribu kueleza kozi alizosoma, aliambiwa muda umekwisha.

Nilimwomba hati yake ya matokeo tukaipitia pamoja, mstari kwa mstari. Katika kozi 12 za mchepuo, tatu tu zilihusu udongo na maji. Nne zilihusu ramani, satelaiti na mifumo ya taarifa za kijiografia. Nne nyingine zilihusu mipango ya matumizi ya ardhi, sheria za ardhi, migogoro na ushirikishaji wa jamii. Moja ilikuwa utafiti. Nilikuwa nimefundisha mchepuo ule miaka sita na sikuwahi kuzihesabu.

Kazi ya kamati

Mkuu wa idara aliunda kamati ya watu watano. Tuliandika kila kozi kwenye kipande cha manila na kuvitandaza mezani, kisha kila mjumbe akaombwa avipange kwa mafungu anayoyaona bila kutazama majina ya kozi, maelezo ya yaliyomo tu. Ilichukua alasiri nzima. Mafungu yalifanana sana. Fungu la udongo lilikuwa dogo kwa kila mtu, hata kwa mjumbe wetu mkongwe, profesa aliyetumia nusu ya maisha yake ya kazi katika milima ya Irangi, Kondoa.

Yeye ndiye aliyepinga kubadilisha jina, na naandika hoja yake kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyookoa kazi yetu.

"Mnasema jina halilingani na mtaala," alisema. "Sawa. Lakini nani aliamua mtaala uwe hivi? Nionyesheni kikao. Mtu alistaafu, kompyuta zikanunuliwa, basi. Sasa mnataka jina libariki jambo ambalo hakuna aliyelikalia kikao."

Palikuwa kimya. Alikuwa sahihi. Tulichukulia kwamba mtaala ndio ukweli na jina ndilo kosa, kumbe mtaala wenyewe ulifika pale kwa kuteleza. Mwanafunzi wa mazingira anayehitimu Dodoma bila kuwahi kusimama ndani ya korongo amepunjwa, jina la mchepuo liwe lolote.

Tukarudi nyuma hatua moja. Kabla ya kulijadili jina, tuliandika nusu ukurasa kujibu swali: mhitimu huyu akifika kijijini, tunataka aweze kufanya nini? Jibu lililokubaliwa na wote watano ni kwamba aweze kukisaidia kijiji kupanga ardhi yake, na aweze kuona pale ambapo mpango unaovutia kwenye karatasi utaharibu udongo kwa misimu mitatu. Kwa jibu hilo, kozi mbili za ramani zilizokuwa zikirudiana ziliunganishwa kuwa moja, na kredi 10 zilizobaki zikarudi kwenye udongo kama kozi ya vitendo yenye wiki moja Kondoa. Udongo na maji vikawa na kredi 40, mipango na sheria 40, ramani na satelaiti 30, utafiti 10.

Majina matatu

Jina la kwanza kupendekezwa lilikuwa Sayansi ya Data za Kijiografia. Vijana walilipenda, na mtu wa udahili alisema lingejaza darasa. Tulilikataa kwa sababu moja. Hatufundishi kuandika programu, na takwimu tunazofundisha ni za msingi. Mwajiri anayetafuta mtaalamu wa data angemwita mhitimu wetu na kumfedhehesha kwa swali la pili. Mhitimu aliyekuja ofisini alikuwa ameumizwa na jina lililompunguza. Hili lingemzidisha, na maumivu yangekuwa yale yale.

La pili lilikuwa Mipango na Upimaji wa Ardhi. Lilionekana la kweli zaidi, lakini lina hatari nyingine. Mipango miji na upimaji ni taaluma zenye sheria na vyombo vyake vya usajili hapa nchini, na mtu hajiiti mpimaji kwa kuwa ameshika GPS. Mjumbe mmoja aliwahi kufanya kazi na wapimaji, akatuambia wazi kwamba jina hilo lingewafanya wazazi waamini mtoto atasajiliwa, na hatasajiliwa.

Hapo tukakwama wiki mbili. Tulikuwa tukibishana kwa Kiingereza, ambako neno la udongo na neno la ardhi ni mawili yasiyokutana: ukichagua moja umeliacha jingine. Profesa ndiye aliyesema, katikati ya chai, "HADO hatukuiita Hifadhi Udongo. Tuliiita Hifadhi Ardhi." Mkulima wa Haubi au Mpunguzi akisema ardhi yake imechoka anasema udongo. Akisema ardhi yake imechukuliwa anasema eneo. Neno lake ni moja, na mambo yote mawili tunayafundisha. Jina la tatu lilipatikana siku hiyo: Matumizi na Hifadhi ya Ardhi. Likatafsiriwa kwenda Kiingereza baadaye, na tafsiri haikusumbua.

Kulikuwa na lalamiko kwamba ramani na satelaiti hazionekani kwenye jina. Mwalimu wa kozi hizo mwenyewe ndiye aliyelijibu: satelaiti ni jembe, na mkulima haitwi kwa jembe lake. Kozi zitaonekana kwenye hati ya matokeo kwa majina yake.

Kabla ya kulipeleka mbele tulilijaribu kwa watu wasiotujua. Tuliwaandikia jina tu, bila maelezo, afisa utumishi wa halmashauri moja, afisa mazingira wa nyingine, mwenyekiti wa kijiji kimoja na wahitimu wanane, tukawauliza: unadhani huyu amesoma nini? Jibu la afisa utumishi nililiandika neno kwa neno: "Mimi nasoma tangazo, kisha nasoma cheti. Katikati hapo sina muda wa kusikiliza hadithi." Alisema jina jipya angelipitisha kwa nafasi za matumizi ya ardhi na mazingira, la zamani asingelipitisha. Mwenyekiti wa kijiji alisema, "Huyu ni wa kutupangia malisho na mashamba." Hatukuhitaji zaidi.

Kupitishwa

Kamati ya idara, bodi ya ndaki, kisha seneti. Sitakaa sana hapa. Uamuzi mmoja tu wafaa kuelezwa: jina la shahada lenyewe hatukuligusa. Jina la shahada ndilo lililopata ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, ndilo lililo kwenye mwongozo wa udahili, na ndilo linalosomeka kwenye mambo ya mkopo. Kuligusa kungefungua milango mingine mingi kwa faida ndogo, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye mstari wa pili wa cheti. Seneti ilipitisha jina jipya lianze na wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo uliofuata.

Palipoharibika

Azimio la seneti halikusema lolote kuhusu wanafunzi waliokwisha kuanza. Sisi wa kamati tuliona ni wazi: watamaliza na jina lao. Halikuwa wazi kwa mtu mwingine yeyote.

Tangazo lilibandikwa Ijumaa jioni, mistari minne ya Kiingereza, likisema mchepuo wa Uhifadhi wa Udongo na Maji unasitishwa na nafasi yake kuchukuliwa na mchepuo mpya. Kufikia Jumamosi asubuhi makundi ya WhatsApp yalikuwa yakisema mchepuo umefutwa, wa mwaka wa pili watarudia mwaka, bumu, yaani posho ya mkopo, litakatwa. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Mama mmoja alipiga simu kutoka Manyoni akilia. Alikuwa ameuza ng'ombe kulipa ada ya nyongeza ya mwanaye na sasa kaambiwa masomo hayapo. Mimi ndiye niliyepokea simu ile. Kiongozi wa darasa alifika Jumatatu saa mbili kasoro na karatasi yenye sahihi za wenzake wote.

Kosa la pili lilikuwa letu moja kwa moja. Kwa kutaka kila kitu kilingane na jina jipya, tulibadilisha pia herufi za mwanzo za misimbo ya kozi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa amekeri, yaani anarudia kozi aliyofeli ya mwaka wa pili, aliingia kwenye mfumo wa usajili, akaikosa. Aliyejisajili kwa msimbo mpya alionekana yuko michepuo miwili. Hati za matokeo za muda za wanafunzi kadhaa zilitoka na majina yote mawili, moja juu ya jingine. Ofisi ya mitihani ilifanya kazi ya mkono wiki tatu kurekebisha jambo ambalo halikuhitaji kuguswa.

La tatu liliwahusu wahitimu. Tuliandaa barua ya msajili ya kuwaeleza waajiri, na rasimu ya kwanza ilisema jina la zamani "limefutwa". Mhitimu wa kwanza kuitumia alirudi nayo. Mwajiri alisoma "limefutwa" akauliza kama chuo kilinyang'anywa ithibati.

Marekebisho

Tuliitisha mkutano wa wanafunzi wote wa mchepuo kwenye ukumbi mdogo, kwa Kiswahili, na kuwaambia mambo matatu kwa maneno mepesi: hamrudii mwaka, mkopo haujaguswa, na jina mtachagua wenyewe. Seneti ilikubali kwamba wa mwaka wa pili na wa tatu wajaze fomu moja ya sahihi, wabaki na jina la zamani au wachukue jipya. Profesa aliuliza kama ni haki kumpa jina jipya mtu ambaye hakusoma kozi mpya ya vitendo. Tulikubaliana kwamba kredi 30 za udongo alizosoma na 40 za mipango zinatosha kulibeba jina, lakini wiki ya Kondoa ifunguliwe kwa wote. Wengi walikwenda, ingawa haikuwa na alama.

Karibu wote walichagua jina jipya. Waliobaki na la zamani walitushangaza mpaka tulipokaa nao. Walikuwa watumishi wa umma, maafisa kilimo waliopewa ruhusa ya masomo na waajiri wao, na barua zao za ruhusa zinataja mchepuo kwa jina. Kwao jina jipya lingezua swali siku ya kurudi kazini na kuomba kupandishwa. Kama tungewahamisha wote kwa azimio moja, kama baadhi yetu walivyotaka mwanzoni, tungewaumiza watu ambao hawakulalamika kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Misimbo ya zamani ilirudishwa kwa wanafunzi wa zamani. Barua ya msajili iliandikwa upya: mchepuo "ulibadilishwa jina", ikifuatiwa na orodha ya kozi 12 na kredi zake. Ukurasa mmoja, muhuri, basi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuhesabu kabla ya kubuni. Vile vipande vya manila viliondoa ubishi wa hisia. Mtu hawezi kudai mchepuo ni wa udongo akiwa ameshika karatasi tatu mkono mmoja na nane mkono wa pili.

Cha pili ni kumsikiliza anayepinga mpaka mwisho. Desturi yetu vikaoni ni kumheshimu mkongwe kwa kumwacha aseme, kisha kuendelea na ajenda. Safari hii hoja yake ilibadilisha mtaala, na jina lililopatikana lilitoka kinywani mwake. Bila yeye tungepata jina sahihi la mtaala wenye upungufu.

Kuacha jina la shahada bila kuguswa kulitupunguzia mzigo, na nadhani idara yoyote inayofikiria jambo kama hili ianze kwa kujiuliza tatizo liko mstari gani wa cheti. Kulijaribu jina kwa wasiotujua kulikuwa kazi ya siku nne na simu chache. Tungewauliza pia watumishi walioko masomoni, suala la ruhusa lingejitokeza kabla ya seneti.

Kilichoshindwa kina mzizi mmoja. Kamati ilifanya kazi miezi minane juu ya jina na saa moja juu ya mpito. Tangazo liliandikwa na mtu ambaye hakuwa kwenye kamati, kwa lugha ya azimio, na hatukuomba kuliona. Neno "unasitishwa" kwa mwanasheria wa chuo ni utaratibu. Kwa mzazi wa Manyoni ni mlango uliofungwa. Lile la "limefutwa" kwenye barua ni kosa hilo hilo likijirudia, na la pili lilitoka kwangu. Tulikuwa tumetumia miezi kupima kila neno la jina ili mtu asiyetujua alielewe, kisha tukawaandikia watu wetu wenyewe bila kupima hata moja.

Suala la misimbo ni la kiufundi lakini linafundisha. Msimbo hausomwi na mwajiri wala mzazi, unasomwa na mfumo. Kuubadilisha hakukumpa mtu yeyote taarifa mpya, na kulikata uzi uliowaunganisha wanafunzi na kozi walizokwisha kusoma.

Na kuna ambalo hatukulipanga kabisa: namna ya kujua kama jina limesaidia. Afisa utumishi alituambia angewapitisha, lakini hatukuweka utaratibu wa kuwafuatilia wahitimu kuona kama kweli wanapitishwa. Tulianza kukusanya namba za simu baada ya mahafali ya kwanza ya jina jipya, wakati wengi wameshatawanyika.

Hali ilivyo sasa

Wiki ya Kondoa imekuwa ya lazima kwa wote. Barua ya msajili inaendelea kutolewa, na aliyekuwa wa kwanza kuja ofisini kwangu na bahasha ya plastiki alipewa yake. Aliisoma yote akiwa amesimama dirishani, akahesabu kozi kwa kidole mpaka ya kumi na mbili, akaomba nakala mbili zaidi. Wahitimu wa miaka ya kabla yake, wale walioondoka na jina la zamani wakati kozi zilikuwa zimeshahama, wengi hawajui kwamba barua hiyo ipo. Tuna namba za chini ya nusu yao, na kazi ya kuwatafuta waliobaki imegawanywa kwa walimu watatu, kila mmoja na orodha yake.